Ribiti Zimehesabiwa, Mikono Je?

Kisanduku kilifika Jumamosi, chepesi, ukubwa wake hauzidi sinia la chai. Juu ya kifuniko pamechorwa ndege ya kivita ya Kijerumani ikichomoza mawinguni, kitovu cha rafadha yake kimezungushiwa mstari mweupe, na mbali kidogo ndege nyingine inashuka ikifuka moshi. Ndani mna fremu za plastiki ya kijivu zilizoshikilia vipande vidogo vidogo, vingine vyembamba kama unyoya wa kuku. Mna karatasi ya stika za kulowekwa majini, na kijitabu cha maelekezo. Messerschmitt Bf 109 G-6, kipimo cha 1/48. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mita 9.92 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Hii ya mezani itafika sentimita 20 na ushei.

Mwenye kisanduku ni kaka yangu, fundi mstaafu wa karakana ya tramu hapa Nuremberg. Aliyekipinga ni binti yangu, anayesoma historia chuo kikuu. Mama yetu yuko Tanga, na kila Jumamosi huwa nasi kwa simu ya video mpaka chaji imwishie. Mabishano yalichukua Jumamosi tatu. Nimeyapanga ili yafuatike, nimeondoa habari za kodi ya nyumba na za magoti ya mama, lakini hoja nimeziacha kwa wenyewe. Palipo na neno langu nimeandika "Mimi". Nayatoa hadharani kwa sababu mwishoni nina ombi.

Binti: Shikamoo, mjomba.

Mjomba: Marahaba, mama. Pita, lakini usiguse hapo, gundi haijashika.

Binti: Nimeiona tangu mlangoni. Mjomba, kwa ndege zote zilizowahi kuruka duniani, umeona ulete hii?

Mjomba: Kaa kwanza. Mimi nimekulia mahali ambapo ukitaka ndege unaiunda kwa mabua ya mtama. Unamenya ganda, unachomeka vijiti, mbele unatia kititia cha jani la mnazi, unakimbia nayo mpaka rafadha inazunguka. Nimefika huku mtu mzima, nikaona dukani ndege zinauzwa vipande vipande, ujenge mwenyewe. Moyo ukarudi utotoni. Sasa itazame hii kwa jicho la fundi. Injini ya Daimler-Benz imelazwa kichwa chini, silinda zinaelekea ardhini, na mzinga unapiga katikati ya kitovu cha rafadha. Bawa ni dogo ili ndege iwe nyepesi. Bawa dogo huishiwa nguvu mwendo ukipungua, basi ukingo wa mbele wakautilia vipande vinavyochomoza vyenyewe hewa ikilegea. Rubani hashiki chochote. Aliyefikiri hivyo alikuwa na kichwa.

Binti: Sibishi juu ya kichwa chake.

Mjomba: Na makosa yake yapo, nayo yanafundisha. Miguu wameifunga kwenye kiwiliwili ili mabawa yaweze kutolewa ndege ikiwa imesimama. Hilo ni jema kwa fundi wa karakana. Lakini magurudumu yakakaribiana mno, na marubani wengi wakaanguka wakati wa kupaa au kutua. Haya, tazama nundu hizi mbili mbele ya kioo. Bunduki za milimita 13 zilichukua mahali pa zile za 7.92, hazikuenea ndani, ikabidi bati livimbishwe. Wajerumani wenyewe wakaiita Beule, yaani nundu. Ukiiweka nundu nusu milimita nje ya mahali pake, mjenzi mwenzako ataiona akiwa mlangoni.

Binti: Hapo ndipo ninapotaka tufike, kwenye hiyo nusu milimita.

Nilimwona kaka yangu akiweka kibano chini. Anamjua mpwa wake. Akianza kwa upole huwa ana mzigo mkubwa nyuma.

Binti: Mjomba, mwaka 2014 kampuni ya Kicheki, Eduard, ilitoa G-6 ya kipimo hikihiki. Umepata kunisimulia mwenyewe. Kulitokea nini?

Mjomba: Ilizidi kipimo. Wajenzi waliishika wakaipima kwa rula, wakalinganisha na michoro, wakalalamika dunia nzima. Kampuni ikachonga kalibu upya, modeli mpya ikatoka mwaka 2016. Kalibu ya chuma si kitu cha bei rahisi, mwanangu. Ile ni heshima kwa kazi.

Binti: Nami naiita heshima. Kwa milimita chache watu walipaza sauti mpaka chuma kikachongwa upya. Sasa niambie, ndege yenyewe, ile ya mita 9.92, ni nani aliyepiga ribiti zake?

Mjomba: Kiwanda cha Messerschmitt. Regensburg, na kwingine.

Binti: Kiwanda ni nyumba. Nauliza watu.

Mjomba: Mafundi.

Binti: Kutoka hapa kwenda Flossenbürg ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, mjomba. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya machimbo ya mawe. Wafungwa walikuwa wakikata mawe ya matale mpaka wanakufa. Mwanzoni mwa 1943 ikaingia kazi ya pili, kutengeneza sehemu za ndege za Messerschmitt. Walianza wafungwa mia mbili hivi. Tarehe 17 Agosti mwaka huohuo Wamarekani wakakipiga mabomu kiwanda cha Regensburg, na kazi iliyokuwa pale ikatawanywa. Sehemu kubwa ikahamia kambini. Kufikia mwisho wa 1944 wafungwa zaidi ya 5,000 walikuwa wakiitumikia Messerschmitt pale Flossenbürg. Na Gusen, Austria, hali ilikuwa ileile. Walikuwa Wapolandi, Warusi, Wafaransa, Wacheki, Wayahudi wa nchi mbalimbali. Wanapiga ribiti mchana, usiku wanalala watatu kitanda kimoja, asubuhi wanahesabiwa wakiwa wamesimama kwenye theluji. Kambi ile na matawi yake ilipitiwa na watu kama 100,000. Waliokufa ni kama 30,000. Hiyo unayoijenga ni G-6. Ni ndege ya miaka hiyohiyo.

Kaka yangu hakujibu mara moja. Alichukua msasa, akasugua ukingo wa bawa ambao ulikuwa umeshasuguliwa.

Mjomba: Miaka zaidi ya 30 najenga hizi. Naweza kukwambia rangi ya kiti cha rubani, naweza kukwambia G-6 ipi ilitoka na mkia mrefu na ipi na mkia mfupi. Hilo la Flossenbürg... Kambi nilijua ipo. Sikujua kwamba ndege hizi zimepitia pale.

Binti: Na kijitabu hakikukwambia.

Mjomba: Hakikuniambia.

Hapo mjadala ungeweza kuisha, na binti yangu, kwa ujana wake, alidhani umekwisha. Akasema kisanduku kirudishwe dukani. Lakini kaka yangu si mtu wa kushindwa kwa hoja moja, na Jumamosi iliyofuata alikuja amejiandaa. Ninaeleza aliyoyasema kwa urefu kwa sababu yalinigusa.

Mjomba: Nimefikiri wiki nzima. Umesema kweli tupu kuhusu Flossenbürg, wala sitaibishia. Lakini unataka niitupe ndege. Nitupe na nini tena? Katika kabati lile mna Spitfire ya Waingereza. Uliwahi kunisema kwa ajili ya Spitfire?

Binti: Spitfire ilipigana na Wanazi.

Mjomba: Ilipigana nao, na wenye Spitfire walikuwa wametutawala. Mwaka 1920 jeshi la anga la Uingereza lilipeleka ndege 12 za DH.9 Somalia kumpiga mabomu Sayyid Mohammed Abdullah Hassan na watu wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakapeleka Harvard na Lincoln kudondosha mabomu msitu wa Aberdare, Kenya, juu ya wapiganaji wa Mau Mau. Duka linauza Harvard, linauza Lincoln. Picha ya kifuniko haina hata mti mmoja wa Aberdare. Sasa niwe na kabati la ndege za watu wema tu? Litabaki tupu, tutaweka vikombe.

Binti: Mjomba...

Mjomba: Sijamaliza. Chuma hakina dini. Hii Bf 109 iliporuka mara ya kwanza, Mei 1935, ilikuwa na injini ya Kiingereza, Rolls-Royce Kestrel, kwa sababu ya Kijerumani haikuwa tayari. Uswisi waliinunua, nao hawakuwa upande wowote. Finland waliitumia. Wacheki waliiunda baada ya vita kwa injini nyingine, wakaiita Avia S-199, na unajua waliyemuuzia? Israeli. Mwaka 1948 ndege za kivita za kwanza za Israeli zilikuwa hizo, watoto wa Messerschmitt. Wahispania nao waliendelea kuiunda, mwishowe wakaitia injini ya Rolls-Royce Merlin, na ndizo zilizotumika kwenye filamu ya *Battle of Britain* ya mwaka 1969 kuigiza Wajerumani. Ndege moja, bendera zote hizo. Utamhukumu nani?

Binti: Chuma hakina dini, nakubali. Kiwanda kina mwenyewe. Mei 1935 ndege inaruka. Septemba ya mwaka huohuo, katika mji huu tulioketi, zinatangazwa sheria za kuwavua Wayahudi uraia. Mwaka 1937 ndege iko Hispania kumsaidia Franco. Mwaka 1939 iko juu ya Poland. Hata Willy Messerschmitt mwenyewe alikaa kizuizini miaka miwili baada ya vita, na mwaka 1948 baraza la kuwachuja Wanazi likamweka katika fungu la wafuasi tu, akatoka, akarudi kwenye biashara. Miaka mitano baadaye kiwanda cha Regensburg kinatoa vigari vya magurudumu matatu vyenye jina lake. Hivyo navyo vina modeli, vinapendeza sana. Waisraeli walipoinunua ile ndege walijua walichokuwa wakinunua na kwa nini. Sisi tunaonunua kisanduku ndio hatuambiwi.

Mimi: Kwa hiyo humwambii mjomba wako aitupe?

Binti: Wiki iliyopita nilimwambia hivyo. Leo sijui.

Nilifurahi kusikia hilo "sijui". Nilikuwa nimekaa nikiogopa kwamba mwanangu angeng'ang'ania kutupa, maana nimeona watu wakitupa vitu vya aibu wakadhani na aibu imekwenda nayo. Na nilikuwa naogopa kwa upande wa pili pia, kwamba kaka yangu angejificha nyuma ya Aberdare. Kutaja dhambi ya Mwingereza ni haki, tena kwetu sisi ni wajibu, lakini haimtoi mtu hata mmoja Flossenbürg.

Ndipo likaingia jambo la Marseille. Kabatini mna ndege nyingine ya kaka yangu, Bf 109 F ya rangi ya mchanga, yenye namba 14 ya manjano. Ni ya Hans-Joachim Marseille, rubani aliyepigana jangwani Libya na Misri, akaandikiwa ndege 158 alizoziangusha, akafa tarehe 30 Septemba 1942 akiwa na miaka 22, injini ilipoharibika akaruka nje na mwavuli usifunguke. Watengenezaji wa modeli wanaipenda mno ndege yake. Ujerumani ilimwita "Nyota ya Afrika", na mwaka 1957 filamu ikatengenezwa kwa jina hilo.

Mjomba: Huyu hakupenda Wanazi, inasimuliwa hivyo. Na alikuwa na rafiki Mwafrika. Askari mweusi wa Afrika Kusini aliyetekwa Tobruk mwaka 1942. Wajerumani walimwita Mathias. Marseille alimchukua awe naye, wakashibana. Alipokufa, wenzake walimtunza yule bwana, na miaka mingi baada ya vita alialikwa kwenye mkutano wa marubani wa zamani. Hiyo nayo ni historia.

Binti: Ni historia, na sidhani imetungwa. Lakini Juni 1940, Chasselay, Ufaransa, Wajerumani waliwatenga askari wa Kiafrika waliojisalimisha na wenzao weupe, wakawapeleka uwanjani wakawapiga risasi. Hamsini hivi, pale tu. Kuna makaburi yao, yamezungushiwa kuta nyekundu za mtindo wa Afrika Magharibi. Kwa nini tunaijua hadithi ya Mathias, ile ya Chasselay tusiijue? Kwa sababu Mathias anapendezesha kisanduku. Isitoshe alikuwa mfungwa. Hakuwa na ruhusa ya kumwambia Marseille, "Leo sitafua nguo zako, narudi kwetu."

Bibi: Samahani, sauti ilikatika. Mnamsema nani?

Mimi: Askari mmoja wa Afrika Kusini, mama, aliyetekwa na Wajerumani. Akawa anamtumikia rubani.

Bibi: Enhe. Na ndege ya huyo rubani ndiyo mnayo hapo?

Mjomba: Ndiyo hii, mama. Naiinua uione.

Bibi: Naiona. Nzuri. Na yule kijana yumo?

Mjomba: Hayumo, mama. Ni ndege tu.

Bibi: Hizo fito nyeupe mkiani ni za nini?

Mjomba: Kila ufito ni ndege moja aliyoiangusha.

Bibi: Kwa hiyo waliokufa wamehesabiwa, aliyekuwa akipika hayumo. Babu yenu alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, mnajua. Walipelekwa Burma. Alirudi na blanketi, medali na kikombe cha bati. Mzungu mmoja alipata kutuletea kitabu chenye picha za kikosi chake. Tukamwona baba, amesimama wa tatu kutoka kushoto. Chini yake wameandika jina la ofisa na cheo chake. Waliobaki wameandikwa "askari". Tulikata ile picha tukaandika jina kwa kalamu. Mpaka leo ipo ukutani. Haya, chaji inaisha.

Simu ikazima. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Binti yangu alikwenda kutia maji kwenye birika, kaka yangu akairudisha Marseille kabatini, lakini akaigeuza, mkia ukaangalia ukuta.

Jumamosi ya tatu ndege ilikuwa karibu kukamilika. Kijivu mbili mgongoni, samawati hafifu tumboni, ubavuni madoadoa aliyoyapuliza kwa kompresa ndogo, moja moja, pumzi ameibana. Kazi ilikuwa safi, na nasema hivyo bila kusita. Zilibaki stika. Hapo yalitokea ambayo sikuyatarajia.

Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kutumia hadharani na kusambaza alama za Wanazi, isipokuwa kwa sababu kama za elimu, sayansi na sanaa. Kwa sababu hiyo modeli zinazouzwa hapa huwa hazina swastika. Kwenye picha ya kifuniko mkia uko wazi. Kwenye karatasi ya stika alama haimo, au imekatwa vipande viwili ambavyo havina maana mpaka mtu aviunganishe mwenyewe. Misalaba myeusi ya mabawani ipo, namba ipo, nembo ya kikosi ipo, jina la rubani lipo. Mkiani hamna kitu.

Binti: Mjomba, utaiweka ile alama?

Mjomba: Siiweki.

Binti: Mimi naona ingewekwa.

Mjomba: Wewe? Wewe uliyetaka nitupe sanduku zima?

Binti: Mimi mwenyewe. Mkia mtupu unaifanya ndege iwe safi. Mtoto akija hapa ataona ndege nzuri ya kijivu, ataona misalaba, hataona ilikuwa ya nani. Umeweka nundu mahali pake kwa nusu milimita, halafu alama iliyosema ndege hii inaruka kwa amri ya nani unaiacha. Sheria inamzuia muuzaji na mwenye kuitangaza barabarani, kwa sababu nzuri kabisa. Hapa ni chumbani kwako, na unajenga ili ujue. Kama ni usahihi, uwe mpaka mwisho.

Mjomba: Sikiliza, mama. Mimi nimeishi mji huu tangu nikiwa kijana. Nimewahi kufika kazini asubuhi nikakuta alama ile imechorwa kwa kalamu kwenye mlango wa kabati langu la nguo za kazi. Niliifuta kwa petroli. Wenzangu wawili walinisaidia, Wajerumani wote wawili, na mmoja alilia. Unaniambia niikate kwa makasi, niiloweke majini, niibandike kwa kidole changu, niipulizie vanishi isibanduke? Mkono huu umeshaifuta mara moja. Hautaibandika.

Binti yangu hakujua habari ile. Hata mimi sikuijua, na ni kaka yangu wa tumbo moja.

Binti: Nisamehe, mjomba.

Mjomba: Hujanikosea. Ulichosema kina haki yake, na mtu mwingine, makumbusho kwa mfano, ataiweka na atakuwa amefanya sawa. Kule Johannesburg, makumbusho ya kijeshi, wana Bf 109 yenyewe, chuma kwa chuma. Wao waiweke, wana maandishi ukutani na mtu wa kueleza. Mimi sina ukuta wa maandishi.

Mimi: Unaweza kuwa nao.

Nilisema hivyo bila kufikiri, nikaikumbuka picha ya babu yetu iliyoandikwa kwa kalamu. Tukakaa watatu tukatafuta maneno. Yalitugharimu muda mrefu kuliko rangi. Binti yangu alitaka kurasa mbili. Kaka yangu alitaka maneno yanayotosha kwenye kibao cha mbao cha upana wa ndege. Mahali pamoja walishindwana kabisa. Kijitabu kilikuwa na mapambo ya ndege tofauti za kuchagua, moja ikiwa ya Erich Hartmann, aliyeandikiwa ndege 352 akiongoza marubani wote wa dunia, na binti yangu alisema jina la rubani yeyote lisionekane. Kaka yangu alisema rubani naye alikuwa mtu, wengine watoto wa miaka 19, na kulifuta jina lake ni kurudia kosa lilelile kwa upande mwingine. Hawajapatana mpaka leo. Mwishowe alichagua ndege isiyo na jina, namba tu.

Mimi nasimama wapi? Nasema modeli ijengwe. Kaka yangu amejua Flossenbürg kwa sababu ya nundu mbili za plastiki na mpwa asiyenyamaza. Asingekuwa na kisanduku, asingeulizwa. Lakini siwezi tena kuikubali biashara inayojisifu kwa usahihi huku ikichagua usahihi wa vitu peke yake. Kijitabu cha G-6 kinaeleza rangi ya kiti, rangi ya ndani ya kisanduku cha magurudumu, urefu wa waya wa antena. Kinaeleza maisha ya rubani, alizaliwa wapi, aliangusha ngapi, alikufa lini. Aliyeandika yote hayo alikuwa na nafasi ya mistari mitatu zaidi na hakuitumia. Sidhani ni kwa ubaya. Nadhani ni mazoea, na mazoea ya namna hii hukatwa na wanunuzi, kama walivyofanya mwaka 2014 kwa sababu ya milimita.

Watengenezaji wa modeli hukutana kila mwaka hapa Nuremberg, kwenye maonyesho makubwa ya vitu vya kuchezea, wakaonyesha ndege zitakazotoka. Ombi langu kwao ni hilo la mistari mitatu. Kwa Bf 109, iandikwe Flossenbürg na Gusen. Kwa Lincoln ya rangi za Kenya, uandikwe Aberdare. Kwa ndege ya namba 14 ya manjano, aandikwe Mathias kwa jina lake la kuzaliwa, na alivyofika pale. Na wewe msomaji uliye Hamburg, Muscat, Toronto au Mombasa, kama unajenga au mwanao anajenga, waandikie. Waliandikiwa kwa ajili ya milimita, wakasikia.

Ndege ya kaka yangu iko sebuleni, mkia wake hauna alama. Kibao kilicho chini yake kimeandikwa kwa Kiswahili na Kijerumani: "Messerschmitt Bf 109 G-6. Kipimo 1/48. Sehemu za ndege hizi zilitengenezwa kwa nguvu na wafungwa wa kambi ya Flossenbürg, kilomita kama 100 kutoka hapa. Mkiani palikuwa na swastika. Mjenzi amekataa kuibandika."